Shimo Lisilojaa

Katika vijiji vya uwanda, mashariki ya Unguja, fundi wa karo husifiwa kwa jambo moja: karo lake halijai. Huchimba kwa sururu na nyundo katika jiwe la matumbawe, futi kwa futi, mpaka agonge ufa. Akishaupata, kazi imekwisha. Maji ya choo na ya bafu yataingia humo miaka kumi, ishirini, na mwenye nyumba hataita gari la kunyonya hata mara moja. Fundi wa namna hiyo hutafutwa, na anayemtafuta ana haki yake: amelipa mara moja, harufu hakuna, mzigo umeondoka.

Umekwenda wapi? Hapo ndipo penye suala zima la maji taka katika jamii ndogo za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Nitakaa zaidi katika uwanda wa Unguja, kwa kuwa jiwe la huko halimpi mtu nafasi ya kujidanganya.

Kwenye mchanga maji huenda taratibu, mara nyingi chini ya mita moja kwa siku, na njiani vijidudu hunaswa katika chembe, hukosa chakula, hufa. Ndiyo maana choo cha shimo kilichochimbwa kwenye udongo mzuri, mbali na kisima, si kitu cha kudharauliwa. Mwamba wa matumbawe una tabia nyingine. Una matundu, nyufa na mapango, na maji yakishaingia kwenye ufa yanaweza kusafiri makumi ya mita kwa siku, pengine mamia, bila kuchujwa na chochote. Kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima, ambayo kila bwana afya anaifahamu, iliwekwa kwa kufikiria udongo. Kwenye jiwe lenye ufa, mita 30 ni safari ya siku moja.

Chini ya jiwe hilo kuna maji matamu, lakini hayana mto wala ziwa linaloyaleta. Ni mvua iliyopenya na kuelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg walieleza hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kisima kwa pampu mpaka maji yashuke mita moja, chumvi hujongea kutoka chini kwa uwiano huohuo. Karibu na ufuko tabaka hilo ni jembamba, na kisima hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua maji ya chini huinuka, na karo lililochimbwa mpaka kwenye ufa linaweza kulowa kutokea chini. Kwa hiyo kisima na karo havitenganishwi na ukuta wowote. Vinachota na kumwaga katika bakuli moja.

Wahenga wetu hawakuwa washamba wa jambo hili. Gedi, karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alifukua magofu kati ya 1948 na 1958, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo na mahali pa kunawia ndani kwa ndani. Lamu nyumba za kale zina vyoo vyake na mabirika yake, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Choo cha ndani, pwani hii, ni jambo la karne nyingi. Lakini maji ya miji ile yalitekwa kwa ndoo na kumiminwa kwa kata. Aliyetawadha alijua uzito wa kila tone alilomwaga. Shimo lilipokea kinyesi na maji kidogo, na mwamba ukapewa muda. Kilichobadilika si adabu ya choo. Ni wingi wa maji.

Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Zanzibar ulipata kwamba mgeni mmoja wa hoteli alihesabiwa wastani wa lita 685 za maji kwa siku. Sehemu kubwa ya maji hayo haikupita bafuni. Ilimwagwa bustanini, kwa kuwa udongo wa uwanda ni haba na nyasi za kizungu hazioti juu ya jiwe bila kunyweshwa asubuhi na jioni. Weka takwimu hiyo pembeni ya mwanamke wa kijijini anayebeba madumu. Kisha kumbuka kwamba kijijini nako mambo hayakusimama: bomba limefika, choo cha kuvuta kimefika, mashine ya kufulia inakuja. Kila hatua ya maendeleo inaongeza maji yanayoingia ardhini, na hakuna hata mmoja wetu anayetaka kurudi kwenye kata.

Hapa watu wengi, na wenye hoteli wakiwemo, huamini kwamba ukijenga tangi la septiki umetibu maji. Hujatibu. Umetenganisha. Kizito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Tangi likijengwa vizuri hupunguza uchafu unaokula oksijeni kwa theluthi hivi, pengine nusu. Kanuni za Kenya na za Tanzania bara zinataka maji yanayorudishwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za uchafu huo kwa lita, wakati maji ya choo yanaanza na mamia. Nusu ya mamia bado ni mamia. Vijidudu navyo hutoka kwa mamilioni, na naitrojeni hupita karibu yote, kisha ikikutana na hewa ardhini hugeuka naitreti.

Vijidudu tunavijua, maana huua kwa kishindo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilivuka mpaka Zanzibar, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kuhofu. Naitreti haina kishindo. Haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga, kwa kuwa ikizidi huizuia damu yake kubeba oksijeni. Na mama akichemsha maji, kama alivyofundishwa kliniki, anaua bakteria lakini naitreti inabaki palepale. Mvuke ukitoka, inakolea.

Mzigo usiokwama kisimani huishia baharini. Matumbawe hujenga katika maji masafi yasiyo na rutuba nyingi. Rutuba ikiongezeka, mwani mwitu hukua kwa kasi na kuyafunika. Ndani ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi yanayobaki bahari ikitoka, wako wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakisimama majini mpaka kiunoni saa nzima nzima. Chemchemi zinazobubujika ufukoni maji yakipwa, ambazo watoto huzichezea, ndizo mlango wa kutokea wa maji ya chini ya kijiji. Huhitaji maabara kutambua kwamba alichoingiza fundi juu kinatokea chini.

Tufanye nini, basi? Njia zipo nyingi, na mjadala wetu kwa kawaida huanzia hapo, kwenye kuchagua mtambo. Nadhani huko ndiko kukosea, lakini tuzipitie.

Bomba la kumwaga baharini tuliache upesi. Dar es Salaam wanalo karibu na Ocean Road, na kwa miaka mingi limepeleka baharini maji yasiyotibiwa. Bomba la namna hiyo huhitaji kina kirefu na mkondo wenye nguvu. Kijiji kilicho nyuma ya mwamba, ambako bahari ikipwa mtu anakwenda kwa miguu nusu kilomita, kitakuwa kimejimwagia uani.

Mabwawa ya kutibu maji taka, kama yale ya Vingunguti, Dar es Salaam, ni rafiki wa nchi za joto. Bwawa la kwanza lenye kina huzamisha tope na kulichachusha. La pili lina mwani mdogo wa kijani unaotoa oksijeni na bakteria wanaoitumia. La mwisho ni la kina kifupi, ambapo jua huua vijidudu na mayai ya minyoo huzama. Hakuna mota, hakuna umeme, hakuna kipuri cha kuagiza Ulaya. Linachotaka ni ardhi, na chini yake sakafu isiyovuja. Juu ya jiwe la matumbawe sakafu hiyo ndiyo gharama kubwa. Bwawa lisilosakafiwa vizuri huko ni karo kubwa zaidi tu.

Kitalu cha matete hudai ardhi ndogo kiasi. Maji yaliyokwishapita kwenye tangi hupenya taratibu kwenye kokoto zilizooteshwa matete, na bakteria walioshika kokoto na mizizi hufanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kupitia mradi wa WIO-LaB wa Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari, kitalu kama hicho kilijengwa gereza la Shimo la Tewa, kaskazini ya Mombasa, ambalo maji yake yalikuwa yakiingia kwenye hori ya Mtwapa; mradi huohuo ulifika Chake Chake, Pemba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimelea utaalamu huu kwa miaka mingi. Sayansi tunayo, na ni ya kwetu. Shida ya kitalu si sayansi. Ni kwamba kinaonekana kama bustani, na watu hudhani hakihitaji mtu. Tangi la mbele lisiponyonywa kwa wakati, tope huvuka, kokoto huziba, maji hutokea juu na kutuama, mbu hujaa. Baada ya hapo watu husema kitalu kimeshindwa.

Kuna waliofikiria mikoko. Mradi wa PUMPSEA, kati ya 2005 na 2008, ulijaribu Kenya na Tanzania kuona kama mikoko inaweza kuchuja maji ya majumbani, na ni kweli mikoko hunywa rutuba na hunawiri. Ila mkoko haukuahidi kuua vijidudu, na chini yake watu wanaokota chaza na kaa. Kama hatua ya mwisho baada ya kutibu, sawa. Kama mbadala wa kutibu, hapana.

Choo kikavu kinafanya kazi kisiwani Chumbe, kusini magharibi ya Unguja: vibanda saba vya wageni, maji ya mvua yaliyokingwa juu ya paa, vyoo vya kugeuza kinyesi mboji, na maji ya bafu yanayochujwa kupitia vitalu vya mimea. Ni kazi nzuri ya kuonyesha. Lakini wataalamu wanaotoka hapo na kusema kijiji kizima kifanye hivyo wamesahau jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua: sisi tunachamba kwa maji. Choo kikavu kikilowa si kikavu tena, kinanuka na hakichachi vizuri. Kuna miundo yenye tundu la pembeni la kuchambia, na hutumika. Lakini mradi uliokuja bila kuliuliza swali hilo utaishia kuwa stoo ya kuni.

Sasa nieleze kwa nini mtambo si swali la kwanza. Los Osos ni mji mdogo wa pwani ya California, Marekani, wenye watu kama 15,000, na nyumba zake karibu zote zilitumia matangi ya septiki juu ya mchanga. Mwaka 1983 mamlaka ya maji ya eneo iliamuru uchafuzi ukome, kwa sababu ya naitreti kwenye maji ya chini. Mwaka 1988 ujenzi mpya ulisimamishwa. Ugomvi haukuwa juu ya bakteria. Ulikuwa juu ya mahali: kiwanda cha kutibu maji taka kijengwe katikati ya mji au nje? Mwaka 2005 ujenzi ulikuwa umeanza, wapiga kura wakawaondoa madarakani waliouanzisha na kazi ikasimama. Mwaka uliofuata halmashauri ya mji ikafilisika. Kiwanda kilianza kazi 2016, nje ya mji, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 150. Miaka 33, katika nchi yenye fedha, maabara na mahakama za kila aina.

Swali la mahali litatukuta na sisi, na kwetu ni kali zaidi. Maji ya chini ya ardhi huelekea baharini. Mahali salama pa kutibia ni upande wa ufuko, chini ya visima, si upande wa juu ambako uvujaji wowote utapita kisimani kwanza. Lakini ufuko ndio kiwanja ghali kuliko vyote, na mwingi umeshakodishwa. Kwa hiyo uchafu husukumwa nyuma ya kijiji, msituni, mahali pasipo na mgeni wa kulalamika, juu kabisa ya maji ya kunywa. Lamu wanalijua somo hili kwa sura nyingine: vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji, na ndivyo hivyo kila mwenye fedha anavyotamani kujenga juu yake apate kuona bahari.

Kuna hesabu ndogo ambayo ingefaa ibandikwe ukutani katika ofisi ya sheha. Chukua kijiji cha watu 3,000. Kila mtu akimwaga lita 50 kwa siku, kijiji kinatoa lita 150,000 za maji taka kila siku. Kuzikusanya kunataka mabomba, pampu na kuchimbua jiwe kila mtaa. Lakini tope linalobaki kwenye matangi, kwa makadirio ya kawaida ya lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ni lita 120,000 kwa mwaka mzima. Tope la mwaka ni dogo kuliko maji ya siku moja. Gari la lita 5,000 litalimaliza kwa safari 24. Na kwa kuwa gari hunyonya na maji pia, fanya mara tatu, bado hazizidi mbili kwa wiki. Na humo kwenye tope ndimo mayai ya minyoo yalimojikusanya, haya ambayo Pemba wamepambana nayo kwa miongo mingi ya dawa mashuleni.

Hapo ndipo pa kuanzia, na ndipo pasipoanziwa. Hakuna waziri anayekata utepe wa kitanda cha kukaushia tope. Kitu chenyewe ni rahisi: sakafu ya saruji yenye mwinamo, mchanga na kokoto juu yake, mfereji wa kupeleka majimaji kwenye kitalu kidogo cha matete. Tope likikauka linachanganywa na majani na kuachwa lichemke lenyewe. Likikaa kwenye joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa na kupinduliwa, minyoo hufa. Katika nchi ya jiwe, udongo mweusi ni mali. Hoteli zinazonunua udongo kwa lori kutoka upande wa pili wa kisiwa zingekuwa mteja wa kwanza. Bila kitanda hicho, dereva wa gari la kunyonya humwaga anapoona giza limeingia, na simlaumu sana. Hajaonyeshwa pa kumwaga. Dar es Salaam wale wanaotapisha vyoo kwa mikono, waitwao vyura, hufukia tope uani palepale au huliachia mvua. Kazi ipo, soko lipo, wafanyakazi wapo. Kinachokosekana ni mwisho wa safari.

Kitanda hicho nacho kina sharti lake. Kitakaa bila kazi kama makaro hayana tope la kunyonya, na karo lililochimbwa mpaka kwenye ufa halina. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kijiji iwe juu ya karo: sakafu ya saruji, vyumba viwili, mfuniko unaofunguka, na maji yake yaingie kwenye mchanga ulioletwa, si kwenye ufa. Nyumba mpya zianze. Hoteli zianze kabla ya nyumba, kwa kuwa maji yao ni mengi na mfuko wao ni mpana, na kwa kuwa wao ndio wenye bustani ya kunywesha. Maji ya chooni na bafuni yakishatibiwa kwenye kitalu, yakanywesha nyasi zile zile, kisima cha kijiji kimepunguziwa mzigo mara mbili.

Hapa huibuka neno najisi, na halifai kupuuzwa. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku ana haki ya kuuliza maji yametoka wapi. Baraza la Wanachuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililijibu swali hili mwaka 1978: maji taka yakitibiwa mpaka rangi, ladha na harufu ya uchafu iondoke kabisa, yanakuwa twahara na yanafaa kutawadhia. Kwetu hatuombi hata hayo. Tunaomba kunywesha nyasi. Imamu akilieleza hilo msikitini litaeleweka haraka kuliko warsha tatu za mradi.

Ukosefu wa fedha ya kuendesha ndio ulioua mitambo mingi, zaidi ya kuziba kwa kokoto. Bara wana RUWASA tangu 2019, wakala ambao jina lake lina maji na usafi wa mazingira pamoja, ingawa tunaousikia mara nyingi ni ufunguzi wa visima. Zanzibar, mamlaka ya maji, ZAWA, huleta maji, na yanayotoka huangukia mikononi mwa mabaraza na halmashauri. Bili ni ya yanayoingia tu. Senti kidogo juu ya kila uniti ya maji, na ada ya kila kitanda cha hoteli, zingelipa gari na watu wawili wa kutunza kitalu. Wanaosema kijiji hakiwezi kushika akaunti ya namna hiyo waende Gazi, kusini ya Mombasa, ambako kamati ya Mikoko Pamoja imekuwa ikipokea fedha za hewa ya ukaa zaidi ya miaka 10 na kuzipeleka, pamoja na mengine, kwenye maji ya kijiji.

Kwa hiyo mimi ningeliacha bomba kubwa lisubiri, na kiwanda kisubiri. Kwanza karo lenye sakafu, kisha gari na mahali pa kumwaga, kisha kitalu cha kila hoteli, na kipimo cha naitreti kwenye visima kila msimu, matokeo yabandikwe msikitini na dukani ambako kila mtu atayasoma.

Nawe msomaji, ukirudi nyumbani leo uliza karo lenu lilinyonywa lini mara ya mwisho. Ukijibiwa kwamba ni zuri mno, halijawahi kujaa, peleka maji ya kisima yakapimwe.